Dalili za hatari kwenye usaili: zipi za kufuatilia na zipi za kuachana nazo

Wasaili hukosea kwa njia mbili. Humpitisha msemaji hodari asiyeijua kazi, na humwacha fundi wa kweli kwa sababu sauti ilimtetemeka dakika kumi za mwanzo. Chanzo cha makosa yote mawili ni kimoja: msaili alizitafuta dalili mahali zisipokaa. Alikodolea macho uso, mikono na mavazi, kumbe dalili zenye uzito zilikuwa ndani ya maelezo ya kazi yenyewe: tarehe, kiasi, vifaa, mpangilio wa hatua, na nani hasa alifanya nini.

Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizopima kama watu wanaweza kumtambua mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza tu. Wastani wa kupatia ulikuwa asilimia 54. Ukirusha sarafu utapata 50. Na waliozoea kuhoji watu kikazi hawakuwapita watu wa kawaida. Kwa hiyo kama kwenye jopo lenu kuna anayesema "mimi mtu nikimtazama machoni namjua", mpeni kazi ya kushika saa.

Kabla hujamwita mtu

Huwezi kuona kilichopinda kama hujui kilichonyooka kinafananaje. Andika mambo manne mpaka sita ambayo kazi hiyo haiendi bila hayo. Kwa mtunza stoo yanaweza kuwa kupokea mzigo, kuhesabu, kuandika leja, kutoa kwa utaratibu, na kusema mapema mambo yakiharibika. Kila jambo lipe swali moja kuhusu alichowahi kufanya, kisha andika, kabla hujasikia jibu la mtu yeyote, jibu zuri litakuwa na nini, la wastani litakosa nini, na baya litasikikaje. Toa alama 1 mpaka 5. Waombaji wote waulizwe maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule.

Wengine huona huu ni urasimu. Lakini uchambuzi wa Paul Sackett na wenzake wa mwaka 2022, uliolinganisha njia nyingi za kuchagua wafanyakazi, uliuweka usaili wenye mpangilio juu kabisa ukiwa na kiwango cha 0.42, kwenye kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kutabiri bila kukosea. Usaili wa maongezi tu, unaokwenda popote mazungumzo yanapoelekea, ulipata 0.19. Hata huo wa mpangilio uko mbali na 1, na ndiyo maana huko chini tutafika kwenye jaribio la vitendo na kwa wadhamini.

Muda wa saa moja unatosha. Maswali sita kwa dakika saba kila moja ni dakika 42, ongeza tano za kumkaribisha na kumweleza utaratibu, na kumi za maswali yake. Jopo liwe la watu wawili au watatu. Wakifika watano, mwombaji anaanza kujitetea badala ya kueleza, na wasaili wenyewe wanaanza kushindana kuuliza. Kila msaili aandike alama zake peke yake kabla ya kuzungumza na mwenzake. Edward Thorndike alionyesha mwaka 1920 jinsi mtu anayetathmini wengine anavyoruhusu sifa moja nzuri izivute juu sifa nyingine zote, hata zisizohusiana nayo. Bosi akisema wa kwanza "huyu kijana safi sana", alama za wengine zote zimeshaharibika.

Kisha chukua wasifu na kalamu. Chora mstari wa miaka na uweke kila kazi kwa mwezi, siyo kwa mwaka. Wasifu unaosema "2019–2020" unaweza kuwa na maana ya Desemba 2019 mpaka Januari 2020, yaani miezi miwili, au Januari 2019 mpaka Desemba 2020, yaani miezi 24. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuiacha ipite. Weka alama pia pale cheo kinapokua kuliko majukumu yaliyoandikwa chini yake, pale mafanikio yanapotajwa kwa asilimia bila kusema asilimia ya nini, na pale sentensi zinapofanana neno kwa neno na tangazo lako la kazi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni kosa. Ni mahali pa kuuliza.

Jibu lisilo na mikono

Hii ndiyo dalili nzito kuliko zote, na ndiyo inayopita kirahisi kwa sababu huja imevaa vizuri. Mwombaji anaeleza mradi uliofanikiwa, maneno yanatiririka, na mwisho wa dakika tano huwezi kusema yeye binafsi alishika nini. Kila kitu "kiliboreshwa", "tuliimarisha", "ilionekana kuna haja".

Usimhukumu kwa "tulifanya" peke yake. Watu wengi wamelelewa kutojisifu, na kusema "mimi" mbele ya wageni huwawia vigumu. Wape nafasi kwa swali la wazi: "Hapo mlipokuwa watu wangapi? Na wewe mwenyewe kipande chako kilikuwa kipi?" Aliyefanya atashusha pumzi na kuanza kueleza kipande chake, hata kama ni kidogo. Asiyefanya atarudi kwenye timu mara ya pili na ya tatu. Ukimrudisha mara mbili naye bado anakimbilia kwenye wingi, andika.

Tuchukue mfano wa mtunza stoo anayesema, "Nilipunguza upotevu kwa asilimia 40." Maswali ya kushuka nayo ni haya, moja baada ya jingine: Kabla ya hapo upotevu ulikuwa kiasi gani? Mlikuwa mnaupimaje? Nani alihesabu? Ulianza na bidhaa zipi, na kwa nini hizo? Kitu gani kilikataa?

Aliyeifanya kazi hujibu hivi: "Walikuwa wanahesabu mara moja kwa mwaka. Nikachagua bidhaa 20 zinazotoka sana, nikawa nazihesabu kila Ijumaa jioni. Wiki mbili za kwanza tofauti ikawa kubwa zaidi, bosi akashtuka. Kumbe mizigo ya usiku ilikuwa haiingizwi kwenye leja mpaka asubuhi, na asubuhi watu walishaanza kuchukua. Tukaweka sahihi mbili kwenye kila hati ya mapokezi. Mlinzi wa zamu alikataa kusaini kwa mwezi mzima."

Asiyeifanya hujibu hivi: "Tuliweka mfumo mzuri wa udhibiti, nikashirikiana na wenzangu wote, tukahakikisha kila kitu kinaandikwa kwa wakati, na uongozi ulifurahi sana na matokeo."

Sikiliza kinachokosekana kwenye la pili. Hakuna siku, hakuna kifaa, hakuna mtu aliyekataa, hakuna kilichokwenda kombo. Kazi ya kweli huacha makovu kwenye kumbukumbu: mlinzi mkaidi, Ijumaa jioni, hesabu iliyozidi kuharibika kabla ya kutengemaa. Mtu anayesimulia kazi aliyoiona kwa mbali anajua mwanzo na mwisho, ila katikati hapajui.

Wasaili wengi huiharibu hatua hii wenyewe kwa kumlisha mwombaji maneno. "Bila shaka mlikuwa mnahesabu kila wiki?" Naye anaitikia ndiyo, na wewe unaandika kwamba anajua kuhesabu kila wiki. Swali lianze na nini, nani, lini, vipi, kiasi gani. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kuongeza neno. Ukimya unakukera wewe kuliko unavyomkera anayekumbuka, na mara nyingi jibu zuri liko sekunde ya nane.

Kosa alilowahi kufanya

Swali la "udhaifu wako ni upi" limekwisha nguvu. Kila mtu ana jibu lake alilolikariri, na karibu yote husema kwamba udhaifu wake ni kujituma kupita kiasi. Uliza hivi: "Nieleze kosa ulilolifanya kazini ambalo lilimgharimu mtu mwingine muda au fedha." Kisha fuatilia mambo manne: nani aliligundua, lilikaa muda gani kabla halijajulikana, alimwambia nani na kwa namna gani, na nini kilibadilika kwenye utaratibu wake baada ya hapo.

Jibu linalotia wasiwasi ni lile ambalo kosa, ukilikagua vizuri, ni la mtu mwingine. "Kosa langu lilikuwa kumwamini mwenzangu." Linalofuatia kwa uzito ni la mtu aliyefanya kazi miaka kumi na hana kosa la kutaja hata ukimpa dakika mbili za kufikiri. Kwenye kazi za fedha, dawa, mitambo na udereva, lipe swali hili uzito mkubwa kuliko mengine. Huko hasara kubwa hutokana na kosa dogo lililofichwa siku tatu. Tofauti ya hesabu ikitajwa jioni ileile, hurekebishwa kwa saa moja.

Kuna dalili pacha na hii: mtu asiyeweza kusema "sijui". Iandalie swali moja la kweli lililo hatua moja juu ya ngazi ya kazi anayoomba. Msaidizi wa hesabu muulize jambo la ukaguzi, dereva wa gari dogo muulize jambo la lori lenye tela. Hutafuti jibu sahihi. Unatafuta kama atasema, "Hilo sijalifanya, ila ningeanza kwa kuuliza au kuangalia hivi." Anayebuni jibu kwa uhakika uleule aliojibia maswali anayoyajua atafanya hivyo pia mbele ya mteja wako. Ila usibuni neno lisilokuwepo ili kumtega. Ni hila, na mwombaji mwaminifu anaweza kudhani amekusikia vibaya akajibu kitu kingine kabisa.

Lawama, na siri za watu

Mtu akimsema vibaya mwajiri wake wa zamani, wasaili wengi hukunja uso papo hapo. Polepole. Waajiri wabaya wapo, na aliyeacha kazi kwa sababu hajalipwa miezi mitatu ana haki ya kusema hivyo. Tazama namna anavyosema. Anayeeleza tukio moja, lini lilitokea, alijaribu nini kulitatua, na kwa nini aliondoka, anakupa taarifa. Mwenye kazi tatu, mabosi watatu wabaya, wenzake wote wavivu, na yeye hayumo popote kwenye ugomvi wowote, huyo ndiye wa kumwekea alama. Muulize: "Ningempigia simu yule msimamizi, yeye angesemaje kuhusu ugomvi huo?" Mtu mzima wa akili anaweza kueleza upande wa pili hata kama haukubali.

Kuna dalili nyingine ambayo wasaili huikosa kwa sababu inawanufaisha. Mwombaji anataja kwa hiari bei za ndani za kampuni anakotoka, orodha ya wateja wakubwa, au mpango ambao haujatangazwa. Jopo zima linasogea mbele kusikiliza. Hiyo si zawadi. Mwaka kesho atakuwa kwenye kiti hicho hicho mahali pengine, na bei zitakuwa zako. Jambo hilohilo linahusu notisi. Ukimuuliza anaweza kuanza lini, akajibu "hata kesho, wale sitawaambia", amekueleza namna atakavyoondoka kwako. Ukimkuta asiye na ajira kwa sasa, bila shaka, kesho ni jibu la kawaida.

Mpe kazi aifanye

Dakika 20 mpaka 30 za vitendo hufichua kinachofunikwa na saa nzima ya maneno. Kwa mtu wa hesabu, andaa taarifa ya benki yenye mistari 15 na leja inayotofautiana nayo mahali patatu: kiasi kilichogeuzwa tarakimu (540 na 450), malipo yaliyoandikwa mara mbili, na makato ya benki yasiyoingizwa. Kwa dereva, mkabidhi funguo na useme tu, "Tunaondoka baada ya dakika kumi." Anayezunguka gari kutazama matairi, mafuta ya injini, maji, taa na breki kabla ya kuwasha ameshajibu. Kwa huduma kwa wateja, mpe barua ya mteja aliyekasirika, na dakika 15 za kuijibu. Barua hiyo iwe na malalamiko mawili, moja likiwa la haki na la pili halina msingi, uone kama atayatenganisha au ataomba radhi kwa yote.

Alama hutolewa kwa njia zaidi kuliko kwa jibu. Anayeanza kabla ya kusoma maelekezo mpaka mwisho, asiyeuliza chochote wakati maelekezo yana pengo (acha pengo moja kwa makusudi), au anayekabidhi karatasi kama imekamilika huku akijua mstari wa mwisho umemshinda, hao wamekuonyesha jambo. Aliyepata tofauti mbili kati ya tatu akasema "ya tatu ipo lakini sijaiona ilipo" ni bora kuliko aliyezilazimisha hesabu zikubaliane.

Kazi ya kupima iwe ya kubuni, isiwe kazi yako ya kweli unayotaka imalizike bure. Ikizidi saa moja, lipa.

Dalili zinazodanganya

Hapa ndipo watu wazuri wengi hupotea. Kutokukutazama machoni hakusemi chochote: kwa wengi ni adabu, kwa wengine ni namna ya kufikiri. Jasho, kutetemeka, kigugumizi, sauti ndogo na mikono isiyotulia ni dalili za mtu anayeitaka kazi. Lafudhi pia haihusiki, wala shati la bei ndogo. Kuuliza mshahara kwenye usaili wa kwanza ni haki ya anayepanga maisha yake. Asiyekuwa na swali la kukuuliza mwishoni huenda amechoka. Badala ya "una swali?", mwambie "nini kwenye kazi hii hakijakuwa wazi?" uone kama kichwa kitaamka.

Pengo kwenye wasifu liulizwe mara moja, kwa upole: "Kati ya Juni na Februari ulikuwa unajishughulisha na nini?" Akisema alikuwa anauguza, alijifungua, aliumwa, au alitafuta kazi bila mafanikio, umeshajibiwa. Simama hapo. Maswali ya ndoa, ujauzito, dini, kabila na afya isiyohusiana na kazi hayana nafasi kwenye usaili. Nchi nyingi zimeyawekea sheria, na hata pasipo na sheria hayakupi chochote kuhusu kazi. Kinachostahili kufuatiliwa ni pengo lililofichwa kwa kunyoosha tarehe za kazi mbili mpaka zikakutana. Na mtu aliyebadilisha kazi mara tano kwa miaka sita, hesabu kwanza ngapi zilikuwa za mkataba wa muda. Zikitoka hizo, mara nyingi zinabaki mbili.

Kuchelewa kuna sura mbili. Aliyepiga simu robo saa kabla akasema alipokwama ni tofauti na aliyeingia amechelewa dakika 20 akaketi kama hakuna kilichotokea. Vivyo hivyo namna alivyomsemesha mtu wa mapokezi. Ni dalili nzuri ikiwa mtu wa mapokezi anaulizwa swali lilelile kwa kila mwombaji, kwa mfano "alikuambia nini alipofika?" Ukimuuliza kwa mmoja tu unayemshuku, hayo ni majungu.

Usaili wa video

Juni 2022 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kuhusu watu wanaoomba kazi za mbali kwa kutumia utambulisho wa wizi pamoja na video au sauti za kughushi. Zaidi ya hilo kuna jambo la kila siku: mwombaji anayesoma majibu kwenye skrini ya pili, au anayenong'onezwa.

Intaneti mbovu huchelewesha midomo na sauti kwa kila mtu, kwa hiyo hilo peke yake liache. Kinachogutusha ni ucheleweshaji unaofanana kwa kila swali, jepesi na gumu: umemuuliza anaishi wapi, sekunde sita, umemuuliza jambo zito, sekunde sita. Cha pili ni jibu lenye mpangilio wa maandishi, lenye hoja tatu zilizopangwa na hitimisho, kisha mazungumzo ya kawaida yanakuwa ya mtu mwingine kabisa. Dawa yake ni kubadilisha sharti katikati. Mwache aanze kujibu, kisha mkatize kwa adabu: "Samahani, tuseme bajeti imepungua nusu na mwenzako ameondoka. Hatua yako ya pili inabadilikaje?" Anayejua atageuza palepale. Anayesoma atarudi mwanzo.

Mwanzoni mwombe kila mwombaji aonyeshe kitambulisho, ukiwa umemtaarifu kwenye barua ya mwaliko. Ukiwa na shaka kuhusu picha, mwombe ageuze uso upande au apitishe kiganja mbele ya uso, kwa sababu picha za kughushi mara nyingi huvurugika hapo. Kwa kazi inayofanyika kwenye kompyuta, ashiriki skrini afanye mbele yako.

Kuipima dalili uliyoiona

Dalili moja ni swali lisilojibiwa bado. Ipe hatua tatu kabla haijashusha alama za mtu. Je, inahusiana na mojawapo ya yale mambo manne mpaka sita? Je, imeonekana zaidi ya mara moja, au kuna chanzo kingine kinachoithibitisha? Je, mwenyewe amepewa nafasi ya kueleza? Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa, kwa sababu wasaili huona haya. Isemwe bila ukali: "Kwenye wasifu naona ulianza Machi 2021, na sasa hivi umetaja Novemba 2020. Nisaidie kuzipanga." Kisha nyamaza. Mara nyingi kuna maelezo ya kawaida, kama alianza kama kibarua kabla ya mkataba. Anayeng'aka au kubadilisha simulizi kwa mara ya tatu amekupa jibu jingine.

Zipo zinazofunga mlango zikithibitika: cheti cha kughushi, kazi ambayo haikuwahi kuwepo, siri za mwajiri zilizotolewa kwa hiari. Nyingine, kama lawama nyingi au majibu yasiyo na mikono, hupelekwa kwenye usaili wa pili au kwa wadhamini zikiwa zimeandikwa kama maswali. Zilizobaki ni za kuandika tu, zikusaidie kupanga mwezi wa kwanza wa kazi.

Andika alichosema, usiandike ulichohisi. "Anajivuna" haisaidii mtu yeyote wiki mbili baadaye. "Alisema msimamizi wake hakuwa na la kumfundisha, alipoulizwa mfano hakutoa" inasaidia, na mwombaji akiuliza kwa nini hakuchukuliwa una la kusema.

Wadhamini na vyeti

Omba ridhaa kwanza, na usimpigie mwajiri wake wa sasa kabla hujamhakikishia nafasi: unaweza kumpotezea kazi moja huku nyingine hajaipata. Namba ya mdhamini usiitoe kwenye wasifu pekee. Tafuta namba kuu ya kampuni, piga, uombe kuunganishwa. Kama kampuni haijulikani kwenye namba yoyote isipokuwa ile aliyokuandikia, hapo pana kazi ya kufanya.

Uliza tarehe za kuanza na kuondoka, cheo, alikuwa chini ya nani, na kisha kile kipande alichokueleza: "Ametuambia alianzisha hesabu ya kila Ijumaa. Ilikuwaje?" Malizia na "ungemwajiri tena kwenye nafasi ileile?" Sikiliza kusitasita, lakini kumbuka waajiri wengi wana utaratibu wa kuthibitisha tarehe na cheo tu. Huo ni msimamo wa ofisi yao na haumhusu mwombaji.

Vyeti vithibitishwe na chuo au bodi iliyovitoa, kwa maandishi. Nakala iliyogongwa muhuri inathibitisha tu kwamba nakala inafanana na karatasi iliyoonyeshwa, na karatasi yenyewe inaweza kuwa ya kughushi. Kwa kuwa majibu huchukua siku au wiki, barua ya ajira iseme wazi kwamba nafasi inategemea uthibitisho huo, na umwambie mwombaji kwa mdomo asikabidhi notisi kule anakofanya kazi mpaka umpe jibu la mwisho.